Pale pa Watoto Msipapambe

Baba paroko, majirani zetu wa Mchafukoge, wafanyabiashara wa Mtaa wa Sikukuu mliofunga maduka mapema leo, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi nyote mliozunguka mbali kufika chini ya turubai hili kwa sababu Jangwani pamejaa maji, familia inawashukuru na inaomba utulivu wenu, ili tusome maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Celina Aloisi Temba, kabla mwili wake haujaanza safari ya kwenda Kibosho jioni ya leo, Ijumaa, tarehe 16 Mei 2025.

Tunaomba radhi mapema, kwa sababu marehemu alikuwa msikilizaji mkali wa historia za namna hii. Alihudhuria misiba mingi mjini hapa, na kila aliporudi nyumbani alilalamika kwamba aliyesomwa angeweza kuwa mtu yeyote, kwamba ukibadilisha jina na tarehe karatasi ile ile ingemtosha jirani, alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua, akafa, na mtu mwenyewe hakupita hapo hata mara moja. Kwa hiyo tumeiandika hii kwa woga, na mkisikia mahali tumejikwaa, mjue ni woga huo.

Mwalimu Celina alizaliwa tarehe 14 Septemba 1958, Kibosho, wilaya ya Moshi, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Aloisi, mkulima wa kahawa na mwimbaji wa kwaya, na marehemu Filomena. Tangu utoto alikuwa na maswali yanayochosha watu wazima, na linalokumbukwa zaidi nyumbani ni lile alilomuuliza katekista akijiandaa kwa komunyo ya kwanza, wakati bibi yake mzaa baba alikuwa ameshasahau watoto wake, na mji wake, na jina lake mwenyewe, Celina akataka kujua kama yule anayelishwa uji pale jikoni bado ni bibi, na kama ndiye, ni kitu gani ndani yake kinachomfanya awe ndiye. Katekista alimtuma maji. Marehemu alisimulia habari hiyo maisha yake yote, akicheka, na akisema kwamba ndilo darasa lake la kwanza la falsafa, na ndoo ilikuwa nzito.

Alisoma shule ya msingi huko huko Kibosho kuanzia 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari ya wasichana Moshi mjini kuanzia 1973 hadi 1976, kisha kidato cha tano na cha sita mjini Tabora, 1977 na 1978, akapita Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1979, ambako alijifunza kukimbia na kuchukia maharage, na mwaka 1980 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu. Pale Mlimani ndipo alipotambua kwamba swali lake la jikoni lina wenyewe, kwamba limeulizwa na watu wengi, kwa lugha nyingi, kwa muda mrefu, na kwamba baadhi yao hawakujibiwa vizuri zaidi ya yeye alivyojibiwa na katekista. Alihitimu mwaka 1983.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1983 mkoani Iringa, na Januari 1987 akahamishiwa Dar es Salaam, katika shule moja ya sekondari jirani na Mnazi Mmoja, ambayo yeye mwenyewe aliomba tusiitaje, kwa sababu mtakazozisikia mbele, na hapo akafundisha hadi alipostaafu tarehe 14 Septemba 2018. Alifundisha Historia, na pia Maarifa ya Jumla kwa kidato cha tano na cha sita, somo ambalo wanafunzi wengi hulihesabu kuwa la kujazia ratiba, na ndani ya somo hilo ilikuwapo mada moja fupi ya falsafa, ambayo walimu wengine waliimaliza kwa vipindi viwili, wakaandika ubaoni fasili tatu, wakaendelea na mambo ya mitihani. Mwalimu Celina aliichukua mada hiyo akaifanya kuwa mwaka mzima, na mada hiyo ni mtu, yaani mtu ni nini, na ni nini kinachomfanya awe mtu na asiwe kitu.

Waliopita mikononi mwake wanakumbuka kipindi cha kwanza. Alimsimamisha mwanafunzi, akamuuliza wewe ni nani, mwanafunzi akataja jina, mwalimu akasema hilo ni jina lako, sikukuuliza unaitwaje, wewe ni nani, akasema ni mtoto wa fulani, mwalimu akasema huyo ni baba yako, akasema kabila lake, akasema dini yake, akasema ni mwanafunzi, na kila alichotaja mwalimu alikiweka pembeni kwa upole, mpaka darasa lililokuwa likicheka likaacha kucheka, na yule aliyesimama akabaki hana cha kutaja, naye bado amesimama pale pale. Hapo ndipo mwalimu alipomwambia akae, akawageukia wote, akasema, "Sasa tumeanza."

Mara nyingine aliwatoa darasani akawaingiza Kariakoo, asubuhi, sokoni penye vurugu zake, akawaambia watafute kitu kisichoulizwa bei. Walirudi na majibu ya kila aina, kivuli, adhana, harufu ya samaki, hadi binti mmoja aliposema mchukuzi, wenzake wakambishia kwamba mchukuzi ana bei, kila mtu anapatana naye, na mwalimu akawauliza wanachopatana ni mzigo au ni mchukuzi. Alipenda kuwafundisha hivyo, juani, watu wakiwapiga vikumbo. Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mke wa mfanyabiashara, hakujua kabisa kupatana, aliuliza bei, akashtuka, akalipa.

Tarehe 27 Desemba 1986, Kibosho, marehemu alifunga ndoa na marehemu Gaudens Temba, muuzaji wa masufuria kwa jumla katika Mtaa wa Sikukuu, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa, ambaye kila jioni baada ya kufunga duka alikaa juu ya kreti na kumtaka mkewe amfundishe somo la siku ile, na akilala usingizi katikati ya somo mkewe alimwamsha na kumuuliza swali. Waliishi pamoja miaka ishirini na minne, na hatujawahi kusikia mmoja wao akimtamani mwingine awe mtu mwingine.

Hapa, kwa desturi, panasomwa habari za watoto. Mtaona kwamba tumeparuka. Hatujapasahau, wala karatasi haijapotea, tunaomba mtuvumilie, tutaparudia.

Tuseme kwanza juu ya Desemba, maana wengi wenu mnaifahamu. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, sisi wa kutoka Kilimanjaro tunafunga maduka na kupanda kwenda nyumbani, na kule kihambani, kwenye shamba la ukoo, bibi anakaa mlangoni akipokea wanawe, na kila nyumba inamwonyesha mtoto aliyezaliwa mwaka huo, bibi anambeba, anamtemea baraka, anauliza jina. Mama mkwe wa marehemu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mama wa Kichaga wa zamani, na kila liliposimama gari la Gaudens aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mmekuja wangapi mwaka huu?" Na kila mwaka Celina alishuka, akamwamkia, na akamjibu kwa sauti ile ile, "Tumekuja wawili, mama." Gaudens alipotaka kumtetea, alimshika mkono akamnyamazisha. Swali liliulizwa mpaka mama huyo alipofariki, na jibu halikubadilika, ingawa wapo shangazi ambao waliliona jibu hilo kuwa jeuri.

Gaudens aliitwa na Mungu tarehe 9 Februari 2011, kwa shinikizo la damu, akazikwa Kibosho. Historia yake ilisomwa na mdogo wake, Kasmir, ambaye leo amekaa hapa mbele, na ambaye ametupa ruhusa tulisimulie hili. Kasmir alimpenda sana shemeji yake, na alijua macho ya watu yataelekea wapi akifika pale pa watoto, kwa hiyo alipofika pale alisoma kwamba marehemu Gaudens ameacha watoto kumi na mmoja, yaani watoto wote wa kaka na dada zake, akawataja mmoja mmoja kwa majina, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa nzuri kusikia. Jina la mjane lilitajwa kwa haraka kabla ya hapo.

Wageni walipokwisha kuondoka, na akina mama wakiosha vikombe, Celina alimwita Kasmir pembeni, akamwambia, "Shemeji, leo umenificha." Kasmir akamweleza kwamba alimsitiri, kwamba watu wana midomo. Celina akamjibu kwamba alikuwa amekaa pale mbele kwenye kiti, mzima, ana akili zake na machozi yake, na yeye akamgeuza kama sufuria lililotoboka linavyogeuzwa dukani, upande mbaya ukutani, mteja asione. Hawakugombana. Lakini kuanzia siku ile lilikuwapo jambo moja ambalo marehemu alilidai, na aliendelea kulidai mpaka kitandani, kwamba siku yake ikifika asipambwe.

Mwaka uliofuata, 2012, alipofika kwenye sehemu ya mwisho ya mada yake, ile inayohusu mtu na kifo chake, aliwapa kidato cha tano zoezi ambalo hakuwahi kulitoa kabla. Aliwaambia kila mmoja aandike historia yake mwenyewe kama ya marehemu, hatua zote, na mahali ambapo hajui, au hataki kujaza, apaache wazi, asiandike uongo wa kupendeza. Sasa ninyi wenyewe ni watu wa Kariakoo, mnaweza kujua kilichotokea. Watoto walikwenda na daftari nyumbani, wazazi wakafungua, wakakuta binti yao ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba amefariki. Kufikia Jumatatu asubuhi wazazi, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wamejaa ofisini kwa mkuu wa shule, wakisema kwamba mwalimu anawafanyia watoto uchuro, kwamba anawatabiria kifo, na mama mmoja alikuwa ameshapeleka daftari kwa padri likaombewe.

Aliyekuwa na hasira kuliko wote ni Mzee Mbaruk, mwenye duka la vitambaa Mchafukoge, baba yake Badria, mmoja wa wanafunzi wa darasa lile. Yeye hakutaka kuongea na mkuu wa shule, alimtaka mwalimu mwenyewe, akamkuta chumba cha walimu akisahihisha. Alimwambia kwamba kwao mtoto haandikiwi kifo, tena mtoto wa kike wa miaka kumi na saba, na kwamba kilichomnyima usingizi zaidi ni kwamba Badria ameandika kuzaliwa, shule, hata biashara, lakini pale pa ndoa na pale pa watoto amepaacha wazi, kurasa nyeupe, na mama yake, Mauza, tangu jana hajala. Akauliza mwalimu amemtia nini mtoto kichwani.

Mwalimu Celina aliweka kalamu chini, akamkaribisha kiti, mzee akakataa kukaa. Akamwambia, "Mzee Mbaruk, na mimi kwangu pale pa watoto pako wazi. Nimekaa hapa mbele yako, unaniona. Unaniona nimepungua?"

Mzee Mbaruk hakujibu. Alisimama pale, walimu wengine wakijifanya wanasoma, kisha akachukua daftari la binti yake akatoka bila kuaga, na Badria anasema baba yake alipofika nyumbani alimrudishia daftari na kumwambia amalize zoezi la mwalimu.

Shule haikuwa na roho hiyo. Zoezi lilipigwa marufuku, mwalimu akapewa barua ya onyo, akaondolewa kidato cha tano na cha sita, akapelekwa kufundisha Uraia kidato cha kwanza, kwa miaka miwili. Ilimuuma, na hatutasema haikumuuma. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na kitu pekee alichobaki nacho kilichomwamsha asubuhi kwa furaha kilikuwa kipindi kile. Wenzake walimshauri aandike barua ya kuomba radhi ili arudishwe, akasema yupo tayari kuomba radhi kwa kuwatisha wazazi, na kweli aliwaomba, mlango kwa mlango, lakini kwamba mtu ana sehemu tupu na bado ni mtu kamili, hilo hawezi kuliombea radhi, maana akilikana hilo atakuwa amejikana mwenyewe. Alirudishwa mwaka 2014, mkuu wa shule mpya alipokuja. Mwaka huo huo duka la Sikukuu na vyumba vya juu yake vikahitajika na ukoo, naye akahitaji pa kukaa, na aliyekuja kumwambia kwamba kuna nyumba ghorofa ya pili Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa, ni Mzee Mbaruk. Wakawa majirani kwa miaka kumi na moja. Kila Ramadhani sahani ilipanda ngazi, kila Krismasi sahani ilishuka, na swali lile la chumba cha walimu halikutajwa tena na yeyote kati yao.

Siku ya kustaafu kwake wanafunzi wa zamani walimwandalia sherehe Mnazi Mmoja, wakamvika vitenge, na msemaji wao akasema kwa machozi kwamba Mungu hakumnyima mwalimu watoto, watoto wake ndio hawa, mama yetu. Watu wakapiga vigelegele. Marehemu alisubiri vigelegele vikaisha, akawashukuru kwa vitenge, akasema, "Mimi ni mwalimu wenu, na inatosha. Mama zenu wapo nyumbani, mkawasalimie." Wengine waliumia. Wengine walielewa, kwa sababu walikumbuka yule mwanafunzi aliyebaki amesimama darasani bila cha kutaja.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Agosti 2022, na kuanzia Machi 2023 akawa anasafishwa damu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akisindikizwa mara nyingi na Badria, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka la baba yake, na ambaye alilifunga duka kila siku ya kliniki bila kuombwa. Tarehe 4 Mei mwaka huu, akijua hali yake, alimwita Kasmir kitandani, Badria akiwapo, akamwambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, pale pa watoto msipapambe. Semeni sikuwa nao, mnyamaze kidogo, kisha muendelee." Kasmir alishindwa kuahidi. Alimshika miguu akatoka nje. Mwalimu Celina alifariki dunia Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Jumatano mchana familia ilikaa kuandika historia hii, na tulipofika pale pa watoto tulikwama. Kasmir alisema hawezi kusikia maneno yale yakisomwa, kwamba ni kumwanika shemeji yake mbele za watu, akiwa hawezi tena kujijibia, na kwamba tuandike wanafunzi, maelfu ya wanafunzi, nusu ya turubai watalia na hakuna atakayesema ni uongo. Karibu wote tulikubali. Mzee Mbaruk alikuwa mlangoni, ameleta viti na mikeka, akaomba ruhusa ya kusema ingawa si wa ukoo, akapewa. Akasema kwamba miaka kumi na tatu iliyopita mwalimu alimuuliza kama anamwona amepungua, na yeye akaondoka bila kumjibu, akidhani ipo siku. "Nimekuja kumjibu," alisema. "Hapana. Sijamwona amepungua."

Kasmir alifuta uso kwa leso, akatuambia tusome alivyosema mwenyewe, na kwamba yeye atakaa mbele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Muhimbili kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyewauliza maswali mengi kuliko waliyomuuliza wao, inamshukuru Mzee Mbaruk, Bi Mauza na Badria, ambao tangu Jumanne hawajatuacha tupike wala tulale njaa, inawashukuru walimu wenzake, pamoja na wale wa shule ambayo hatukuitaja, wafanyabiashara wa Sikukuu, jumuiya yake ndogo ndogo, na wanafunzi wake, ambao ni wanafunzi wake.

Sasa tunarudi pale tulipoparuka.

Mwalimu Celina Aloisi Temba hakuwa na watoto.

Tunyamaze kidogo, kama alivyotuomba.

Tuendelee. Mazishi yatafanyika kesho, Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, saa nane mchana, Kibosho, kihambani, kando ya mumewe, nao watakuwa wawili.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, safari hii hatukukuficha.